Bwana Shamba wa Mwezini

Mabwana shamba waliopita Newala ni wengi, na wengine walikaa miaka mingi kuliko yeye. Lakini ukisema "Bwana Shamba" mbele ya watu wa rika langu, hakuna atakayekuuliza yupi. Ni yule mrefu aliyetoka Usambara, aliyevaa mabuti ya mpira katika nchi isiyo na tope, na aliyekuwa akipanda mboga za watu wa mwezini.

Jina lake nalijua. Silitumii kwa sababu hata yeye hakulitumia. Alikuwa akisema jina ni la nyumbani, na yeye nyumbani hayupo.

Serikali ilimleta kwa ajili ya mikorosho, na kazi hiyo aliifanya kwa ukali. Asubuhi alikuwa mashambani kwa watu, anawafokea wasiopalilia, anakata matawi makavu kwa panga lake mwenyewe bila kuomba ruhusa. Mzee mmoja alimwambia, "Bwana Shamba, mkorosho huu ulipandwa na baba yangu, na mpaka leo haujalalamika." Akacheka, akaendelea kukata. Mchana, kazi ya serikali ikiisha, alivua kofia na kuingia kwenye kibanda chake nyuma ya nyumba. Humo alikuwa mtu mwingine. Alizungumza kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa.

Kibanda chenyewe kilikuwa cha miti na nailoni. Nailoni aliipata kwenye magunia ya mbolea, akaiosha na kuishona vipande kwa vipande mpaka ikafunika paa na kuta zote. Ndani kulikuwa na madebe yaliyopasuliwa, yamejazwa mchanga, mkaa na samadi. Humo aliotesha mchicha, figili, mnavu na nyanya. Mlango ulibandikwa udongo kila baada ya kuingia, ili unyevu usitoke. Majani yalipumua, nailoni ikatokwa jasho, matone yakateremka hadi kwenye mwanzi uliopasuliwa, na mwanzi ukayamimina kwenye chungu. Jioni maji ya chungu yalirudishwa kwenye madebe. Hakutaka kuongeza hata kikombe kimoja kutoka nje. Wale wanaosafiri miaka huko juu, alisema, hawana kisima njiani.

Asiyejua nchi yetu atashangaa mtu kufanya kilimo cha namna hiyo kwetu badala ya kwao. Uwanda wa Makonde uko juu, na maji yako chini. Mama zetu waliteremka bondeni alfajiri na kupanda jua likiwa limeshawaka. Bomba lilikuwepo, lakini pampu ilipoharibika tulirudi bondeni kama zamani. Kwa hiyo maji ya kwetu hayafanyi kazi moja. Unanawa uso, maji hayohayo yanasuuza vyombo, yakibaki anapewa mbuzi, na mbuzi akisaza unamwagiwa mpapai. Watumishi kutoka mikoa mingine walituona wabahili au wachafu. Yeye alituona tumehitimu.

"Ninyi mmeshafika nusu ya njia ya mwezini," aliwaambia wanawake waliokuwa wakipandisha ndoo. "Mimi nilizaliwa penye vijito, najifunza kwenu."

"Basi tubebee ndoo, mwanafunzi," mmoja akamjibu. Akaibeba, mpaka mlangoni kwake, wenzake wakimcheka njia nzima.

Yote hayo yalianzia dukani, mwaka ule watu walipotua mwezini. Mwenye duka alikuwa na redio, na jioni ile baraza lilijaa. Mwalimu wa madrasa alisema haiwezekani. Katekista, ambaye kwa kawaida hakukubaliana naye hata juu ya hali ya hewa, safari hii alikubaliana naye. Wengine waliuliza kama Mreno, aliyekuwa akipigana vita ng'ambo ya Ruvuma, akifika huko juu ataturushia mabomu vizuri zaidi. Bwana Shamba alisubiri wamalize.

"Wamekula nini?" akauliza.

"Si wana makopo," mwenye duka akasema.

"Makopo yanatosha kwenda mwezini na kurudi. Wakitaka kwenda mbele zaidi, miaka miwili, mitatu, watakula nini kibichi?"

Watu wakacheka mpaka redio haikusikika. Siku ya pili yake alikuwa ameshapata jina.

Hakuwa anatania. Ujana wake alikuwa askari wa Mwingereza, akapelekwa Burma kwa meli. Walikaa baharini na kambini miezi mingi wakila biskuti ngumu na nyama ya kopo, na fizi zao zikaanza kutoka damu. Rafiki yake aling'oka meno mawili kwa ulimi tu. "Tulikuwa na chakula," alikuwa akiniambia. "Shibe ilikuwepo. Ila hakuna kitu chochote kilichokuwa hai." Tangu hapo, alipomsikia mtu amefungiwa mahali mbali, gerezani, melini au angani, jambo la kwanza kumjia lilikuwa jani bichi.

Na bado mwenyewe hakula mboga. Alipenda ugali wa muhogo na samaki mkavu, na mchicha ukiwekwa mezani aliusogeza pembeni kwa kidole. Nilimwuliza sababu. Akasema, "Fundi wa majeneza naye halali ndani yake." Huo ndio utani wake. Ulikuwa na baridi kidogo.

Mimi niliingia kwenye maisha yake kwa njia hii. Mama alikufa akimzaa mdogo wetu wa mwisho, Saidi. Mwaka wa tatu baba akateremka kuelekea Ruvuma kutafuta samaki, akakanyaga bomu lililofukiwa ardhini. Tulibaki wanne: mimi, Zainabu, Hashimu na Saidi. Nilikuwa darasa la tano, nikaacha shule, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu hawezi kungoja kengele ya mchana.

Kwetu sisi, watoto ni wa mjomba. Mjomba wetu hakuwa mtu mbaya, lakini nyumba yake ilikuwa ndogo na watoto wake walikuwa saba. Alipanga kutugawa: Saidi kwake, Zainabu kwa mama mkubwa, Hashimu kwa ndugu wa Nanganga, na mimi niolewe. Nilikataa. Nilimwambia kwamba mama alituacha sehemu moja.

"Nitangoja mpaka mvua," mjomba akasema. "Nikisikia mmoja wenu amelala na njaa, nakuja na baiskeli."

Siku ya pili nilikwenda kwa Bwana Shamba kuomba kazi. Hakuniuliza habari za wazazi. Aliuliza kama nina mikono ya taratibu. Nikawa mtunzaji wa kibanda: kubandika mlango, kurudisha maji, kuua viwavi. Malipo yangu yalikuwa muhogo, chumvi, na mboga zote zilizokatwa humo. Mvua zikaja na kupita, na baiskeli ya mjomba haikuja. Alipotutembelea aliwatazama wadogo zangu midomo na macho, akamkuta Saidi anang'aa, akanywa maji, akaondoka. Aliniita Mkuu wa Nyumba, kwa kejeli. Bwana Shamba alilisikia jina hilo akalichukua, yeye bila kejeli.

Kitu alichokitafuta kilikuwa kimoja tu. Alitaka mbegu iliyozaliwa mle ndani, iote mle ndani, na yenyewe izae mle ndani. "Wakifika hapo," alisema, "hawana haja ya kurudi duniani kuchukua nyingine." Kilionekana kitu chepesi. Mara ya kwanza siafu waliingia. Mara ya pili ilikuwa vita.

Siku zile ndege za Wareno zilivuka mto, na wakimbizi walipanda kwetu na mafurushi na habari za vijiji vilivyoungua. Sasa nailoni juani inang'aa. Mgambo walikuja, na nyuma yao majirani.

"Bwana Shamba, hicho kioo chako kitatuua."

"Si kioo, ni nailoni."

"Rubani atateremka kuuliza?"

Aliwasihi, kisha akawakubalia. Kibanda kilifunikwa matawi mchana kutwa, na mimea ikapauka kama watu waliougua homa, ikafa bila kutoa ua. Baadaye walielewana kwamba matawi yatawekwa ndege zikisikika tu. Kazi ya kusikiliza alipewa Hashimu, na yule mtoto alikuwa na masikio ambayo sijaona mfano wake. Alisikia ndege kabla mbwa hawajasikia.

Mara ya tatu iliharibiwa na Zainabu, na hilo lingeweza kutokea kwetu tu. Miezi kadhaa Bwana Shamba aliona madebe yanakauka. Maji yalikuwa yanapungua na hakujua yanakokwenda. Alikagua nailoni mshono kwa mshono, akabandika lami, akaacha hata kula. Nilimsikia akisema peke yake kwamba pengine mimea yenyewe huyameza maji yasirudi, na kama ni hivyo basi safari hizo haziwezekani. Siku moja aliingia kwetu, akaomba maji, akanywa. Akasimama na kata mkononi.

"Maji haya yana harufu ya nailoni."

Zainabu akasema kwa furaha, "Ni ya bure, Bwana Shamba. Yanadondoka yenyewe kule kibandani. Dada akienda bondeni mimi nayaleta nyumbani."

Hakuna mtoto wa Newala anayeona maji yakidondoka akayaacha. Tangu anajifunza kutembea ameambiwa ateke. Nilijua kazi yangu imekwisha, na kazi ikiisha baiskeli inakuja. Lakini Bwana Shamba aliketi kizingitini, akaanza kucheka kidogokidogo, akifuta macho.

"Nilisahau kumweka mtu ndani," akasema. "Anayekula lazima na yeye anywe. Basi alichokunywa na kirudi."

Kuanzia hapo tulirudisha kibandani maji yetu ya kuoga. Baadaye akatuletea debe lenye mfuniko, akaeleza matumizi yake huku akitazama pembeni. Habari zikaenea.

"Kumbe mchicha wa mwezini unanyweshwa mikojo," jirani mmoja akasema.

"Na muhogo wako unanyweshwa nini?" Bwana Shamba akamwuliza.

"Mvua."

"Mvua hiyo kabla ya kuwa wingu ilikuwa wapi?"

Jirani akaenda zake akitafakari, na sidhani kama alikula muhogo jioni ile. Kibandani maji yakaacha kupungua.

Kuna upande wake ambao sikuuelewa nikiwa binti, na sasa nauelewa nusu. Kule Usambara alikuwa na mke na binti wa rika langu. Alituma fedha kila mwezi na hakwenda. Likizo zilipofika alipata sababu: figili zinatoa maua, mchicha unabeba mbegu. Nilimwuliza siku moja kama binti yake hamngoji.

"Kwetu maji yanatiririka mbele ya mlango," akasema. "Mboga zinaota bila kupandwa. Mimi wa nini kule?"

Nilitaka kumwambia kwamba baba yangu hakuwa akipanda mboga, na bado ningempenda awepo. Lakini alikuwa amenipa kazi, na alikuwa mkubwa wangu.

Kisha ikaja Operesheni. Watu wote walitakiwa wahame mashambani wakaishi pamoja kwenye kijiji kipya, kando ya barabara, waweze kupata shule na zahanati, na kule karibu na mpaka, usalama. Wengi walielewa, wengi hawakupenda, wote tulihama. Bwana Shamba, kwa kuwa ni mtu wa serikali, alikuwa mmoja wa waliopima viwanja. Aliingia kwenye nyumba za watu waliowahi kumcheka, akawaambia siku yao ya lori. Wengine hawakumsamehe. Niliwahi kumwona akisaidia kuezua paa la mzee yule wa mkorosho.

Mle kibandani, mchicha uliozaliwa ndani ulikuwa umechanua. Zilibaki wiki chache mbegu zikomae. Alimwomba katibu wa Operesheni muda, akanyimwa. Akaomba lori, safari moja, abebe madebe kama yalivyo, na kiwanja chake cha mtumishi akifanye kibanda. Katibu, aliyekuwa kijana wa kutoka Masasi, alimheshimu. "Safari moja, mzee. Baada ya hapo lori linakwenda tarafa nyingine."

Siku ile tulikuwa tumekaa juu ya mizigo yetu tangu asubuhi. Viwanja viligawiwa kwa wenye nyumba, na msichana asiye na mume hakuhesabiwa mwenye nyumba. Watoto kama sisi waliambiwa waende kwa ndugu. Mjomba alikuwa ameshafika. Baiskeli yake imeegemezwa ukutani, na kwenye kiti cha nyuma amefunga gunia lililokunjwa ili Saidi akae vizuri. Hilo gunia ndilo lililonivunja nguvu, kwa sababu lilikuwa la wema.

Lori likapita mbele yetu limebeba madebe, nailoni ikipepea. Likasimama. Bwana Shamba akateremka, akatutazama, akatazama baiskeli.

"Unawapeleka?" akamwuliza mjomba.

"Mmoja leo. Wengine kesho."

Bwana Shamba akawageukia vijana wa mgambo. "Shusheni hayo madebe."

"Yote, Bwana Shamba?"

"Yote. Pakieni vitu vya hawa."

Katibu akaja na kalamu sikioni. "Mzee, tulikubaliana mimea."

"Hawa ni wa nyumba yangu. Kiwanja changu ni chao."

"Umeoa lini?"

"Sijaoa hapa. Nimeajiri." Akanionyesha kwa kidole. "Mkuu wa Nyumba ni huyu. Andika wanne."

Vijana walicheka, lakini walipakia. Kinu, mikeka, kuku, Saidi. Mjomba alisaidia kumnyanyua Hashimu, akarudi kufungua lile gunia kwenye baiskeli. Madebe yalibaki yamepangwa kando ya njia, mchicha umesimama na maua yake. Nadhani mbuzi waliufikia kabla ya jua kuzama. Bwana Shamba alikaa mbele na dereva, na njia nzima nilimsikia akieleza habari za mbolea ya chumvichumvi.

Nailoni alitupa sisi tuezekee kwa muda. Mvua za mwaka ule hatukulowa. Yeye alilala kwenye ghala la pembejeo, katikati ya magunia, na hakujenga kibanda kingine. Nilipomwambia nitamsaidia kuanza upya alisema, "Tutaona." Kabla ya mavuno akapata uhamisho wa kwenda Masasi. Alituaga mmoja mmoja kwa mkono, kama watu wazima. Alisema atakuja. Sikumwona.

Mwaka wa pili kijijini, Saidi alikufa. Mashamba yetu yalibaki kule tulikotoka, mwendo wa asubuhi nzima, na mvua zilikosekana. Tulikula makopa, ule muhogo uliokaushwa, na uji wa makopa. Surua ilipoingia kijijini ilimkuta mwepesi kama kikapu. Mjomba alikuja na baiskeli, akamfunga Saidi mgongoni kwangu, akanipakia, akasukuma kushika njia ya kuteremkia hospitali ya Ndanda. Tulikuwa bado kwenye mteremko nilipohisi mgongo wangu umepoa. Mjomba aliendelea kusukuma, na mimi sikumwambia mpaka tulipofika tambarare.

Miaka ikapita. Zainabu aliolewa Masasi, na alipojifungua mtoto wa kwanza nilikwenda kumwuguza. Walipanga nyumba mtaa wa Mkomaindo. Asubuhi moja nilitumwa kwa jirani kuazima sufuria, nikamkuta barazani mzee ameketi kwenye kiti cha kamba, miguu peku, macho yote mawili yamefunikwa na ukungu mweupe. Uani kwake kulikuwa kumefagiwa, hakuna hata jani.

"Shikamoo, Bwana Shamba," nikasema.

"Marahaba." Akainua kichwa. "Hiyo sauti ni ya Newala."

"Ya Newala."

Akanyoosha mkono hewani mpaka akaupata wangu, akaupapasa vidole. "Mkuu wa Nyumba."

Mama mwenye nyumba akatoka, akaniambia mzee amepanga hapo tangu astaafu, anampikia yeye, ni mtu asiye na usumbufu. Usambara hakurudi. Mkewe alikufa, binti aliolewa Tanga na hawaandikiani. Aliyasema hayo mbele yake, na yeye alitikisa kichwa kuthibitisha, kama vile zinasomwa habari za mtu mwingine. Tulipobaki wawili akauliza jambo ambalo, niliona, alikuwa amelingojea tangu aliposikia sauti yangu.

"Mko wote?"

"Tuko watatu, Bwana Shamba."

Mkono wake ulitulia juu ya wangu. "Nani?"

"Saidi."

"Lini?"

"Mwaka wa pili pale kijijini. Surua."

Alihesabu, midomo ikitikisika. "Nilikuwa hapahapa Masasi."

"Ndiyo."

"Alikuwa anakula nini?"

"Makopa. Uji."

"Na mboga?"

"Mwaka ule mboga hazikuwepo."

Mama mwenye nyumba alipita na ndoo, akatutazama, akaingia ndani.

"Lori la kilimo lilikuwa linapanda huko kila juma," akasema. "Dereva namjua. Hata fungu moja ningempa."

"Hukujua, Bwana Shamba."

"Sikuuliza."

Nilitafuta neno la kumwambia. Kwamba kama si yeye tusingekuwa hata watatu chini ya paa moja, kwamba Saidi alikufa mgongoni kwangu na si kwa watu wengine, na kwamba hilo nalo ni kitu. Nililianza, akaniwekea kiganja usoni, taratibu, kunizuia.

"Niambie wale wawili," akasema.

Nikamwambia. Zainabu yuko nyumba ya tatu kutoka hapo, amejifungua binti, maziwa yanatoka vizuri. Hashimu ni fundi wa redio Mtwara, ana mke, bado anasikia kitu kabla ya wenzake. Alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama upande wangu.

"Tena," akasema.

Nikavuta mkeka, nikakaa chini karibu na magoti yake, nikaanza tena na Zainabu.